Uliza Ujibiwe: Kombi, pointi, fomu na bumu

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na nyingine kwa wazazi wao. Tumezipanga kwa kufuata safari yenyewe, kuanzia darasani hadi wiki za kwanza chuoni. Waliouliza jambo moja tumewaunganisha.

Shikamooni. Nipo kidato cha tano, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Kidato cha nne nilipata daraja la kwanza, lakini jaribio la kwanza la Fizikia huku nimepata 28. Napiga msuli mpaka saa 8 usiku na bado nasahau. Nataka kuwa daktari. Nihame kombi? (Mwanafunzi, Songea)

Marahaba. Usihame kombi kwa sababu ya jaribio moja. Namna ya kusoma ndiyo ibadilike, tena wiki hii.

Anza kwa kujua 28 iko wapi. Kwenye mtihani wa kidato cha sita, chini ya 35 ni F. Kuanzia 35 ni S, 40 ni E, 50 ni D, 60 ni C, 70 ni B na 80 ni A. Kwa udaktari wa binadamu, mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, kila moja isipungue D. Maana yake huwezi kuibeba Fizikia kwa A ya Baiolojia. Una alama 22 za kupanda kabla hujafika mlangoni, na D tatu zenyewe hukupa haki ya kuomba tu. Nafasi hugawiwa kwa ushindani, na wanaozigombea wengi wana zaidi ya hapo.

Sasa hiyo kusahau. Mambo ya kidato cha nne yalikuwa machache kiasi cha kuweza kurudia daftari mara tano kabla ya mtihani, na kilichokaa kichwani kikatosha. Kidato cha tano hakikupi nafasi hiyo. Toka Julai unapoanza hadi Mei unapofanya mtihani ni miezi 22 kwenye kalenda. Toa likizo, toa mitihani ya ndani, toa wiki za mwanzo ambazo wenzako walikuwa bado wanaripoti, halafu hesabu zilizobaki. Ukirudia notsi kwa macho unaona kila kitu unakifahamu kwa sababu umekiona jana. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika ulichosoma bila kuchungulia. Kinachokosekana pale kwenye karatasi ndicho cha kusoma usiku ule, na mara nyingi ni robo tu ya ulichokuwa unataka kurudia chote.

Kwa Fizikia hasa, tazama mfano huu. Mpira unapigwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, pembe ya nyuzi 30 kutoka ardhini, na swali linauliza utaanguka umbali gani. Anayejua huigawa kasi kwanza: ya kwenda juu ni 10, ya kwenda mbele ni 17.3. Kwa mvutano wa 9.8, mpira unapanda kwa sekunde 1.02 na kushuka kwa muda uleule, jumla 2.04. Zidisha kwa 17.3, unapata mita 35 hivi. Aliyekariri fomula bila kuchora akachukua 20 yote kuwa kasi ya kwenda juu anapata sekunde 4.08 na umbali wa karibu mita 71, mara mbili ya jibu. Hesabu zake za kuzidisha na kugawa ni safi kabisa. Aliharibu mstari wa kwanza. Mchoro mdogo wenye mishale miwili ungemwokoa, na unachukua nusu dakika.

Kwa hiyo kila swali unalokosa liingie kwenye daftari la makosa. Andika swali, mstari ulipopotea, na sababu kwa maneno machache: sikujua, nilikosea hesabu, au sikuelewa kilichoulizwa. Baada ya wiki tatu utaona sababu moja inajirudia kuliko nyingine. Ikiwa ni "sikuelewa kilichoulizwa", kusoma mada zaidi hakutakusaidia; dawa ni maswali mengi zaidi.

Ratiba: prepu ikianza saa 1:30 usiku na kuisha saa 4, weka masomo mawili tu. Dakika 20 za karatasi tupu, dakika 50 za maswali, pumzika kidogo, hamia somo la pili. Saa 4:30 ulale. Kukesha hadi saa 8 kunakufanya usinzie kipindi cha Kemia asubuhi, halafu usiku unakesha kutafuta kile kile mwalimu alichokifundisha ukiwa umesinzia. Na usiache BAM, yaani Hisabati Tumizi za Msingi, kwa kuwa haihesabiwi kwenye daraja lako. Zipo programu za chuo ambazo kwa asiyesoma Hisabati ya Juu hutaka ufaulu wa BAM, na wengi hugundua hilo wakati wa kuomba.

Mimi ni wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nimetoka shule ya kata, Kiingereza kinanipiga chenga. Historia naijua, nikiulizwa kwa mdomo najibu vizuri, lakini insha zangu napata 6 au 7 kati ya 20. Mwalimu anaandika "hujajibu swali". (Kidato cha sita, Kigoma)

Mwalimu wako amekupa jibu lenyewe. Hiyo lugha yako ina kasoro, sawa, lakini mtu hapati 6 kwa kukosea vitenzi. Anapata 6 kwa kumwaga kila anachokijua kuhusu mada.

Maneno ya kuagiza ndiyo ufunguo. Swali likisema "account for", linataka sababu. Likisema "assess", linataka upime: jambo hili lilichangia kiasi gani, na mengine yalichangia nini. Sasa chukua swali la kupima mchango wa vita vya pili vya dunia katika harakati za uhuru Afrika. Mwanafunzi anaandika kurasa tatu kuhusu jinsi vita vilivyoanza na kuisha, nani alipigana na nani. Uhuru unatajwa aya ya mwisho. Msahihishaji hana pa kuweka alama. Askari wa Kiafrika waliorudi wakiwa wameona mzungu naye anakufa na anakimbia, Uingereza na Ufaransa zilivyodhoofika kiuchumi, Mkataba wa Atlantiki wa 1941 na maneno yake kuhusu watu kujichagulia serikali: hizo ndizo hoja. Halafu upande wa pili, yaani mambo yasiyotokana na vita, kama vyama vya wakulima na vya wafanyakazi vilivyokuwepo kabla. Bila huo upande wa pili hujapima, umesimulia.

Muda nao uugawe kabla hujaingia. Karatasi ya saa 3 yenye maswali 5 ya kujibu inakupa dakika 36 kwa kila swali. Dakika 5 panga hoja pembeni kwa maneno mawili mawili, 27 andika, 4 soma ulichoandika. Anayetumia saa nzima kwa swali analolipenda huishia kuandika la tano kwa vidokezo, na swali la kwanza haliwezi kumpa zaidi ya 20 hata aandike kitabu.

Kwa Kiingereza, fupisha sentensi. Kila aya ianze na hoja yenyewe katika sentensi moja, kisha mfano wenye mahali na mwaka, kisha sentensi moja inayorudi kwenye swali. Andika insha moja kila Jumamosi kwa saa, ipeleke kwa mwalimu Jumatatu, na ile iliyosahihishwa iandike upya. Kuiandika upya ndiko watu wanakokuruka.

Maabara yetu haina kemikali za kutosha. Tunafanya vitendo mara moja kwa muhula. Tutafanyaje? (Wanafunzi watatu wa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, Tabora)

Kuna sehemu za vitendo zinazotaka kemikali na kuna zinazotaka mkono tu. Bureti jazeni maji ya bomba. Jizoezeni kufungua koki kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizungusha chupa, hadi muweze kudondosha tone moja moja. Someni sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji, jicho likiwa usawa wake. Ukiangalia kutoka juu utasoma namba isiyo sahihi kila mara, na kosa hilo litaonekana kwenye majibu yote. Andikeni hadi nafasi mbili za desimali: 24.50, si 24.5. Jaribio la kwanza la makadirio msiliingize kwenye wastani.

Kilichobaki ni jedwali na hesabu, na hivyo vinahitaji daftari tu. Mwombeni mwalimu namba za majaribio ya miaka iliyopita mkokotoe wenyewe.

Je, tuisheni ya likizo ina faida? Nalipia watoto wawili na sioni tofauti. (Mzazi, Kahama)

Mzazi, ina faida kwa mtoto anayejua mada gani inamsumbua. Kabla ya kulipa tena, mwambie aandike mada tatu tu za kila somo, na mwalimu wa tuisheni aulizwe kama atazifundisha hizo. Ukiona darasa la watu 80 linaloanza silabasi upya kutoka mada ya kwanza, hela hiyo nunua mitihani iliyopita na karatasi za kujibia.

Kuna kitu cha bure ambacho wengi hawakitumii: NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Zinaonyesha watahiniwa walikosea wapi, na mara nyingine zimewekwa picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Mtoto afanye mtihani wa mwaka fulani kwa saa, kisha ajisahihishe kwa taarifa ya mwaka huohuo. Aangalie tu kama mada bado ipo kwenye mtaala anaousoma, kwa kuwa mtaala umeboreshwa na baadhi ya mada zimehama au kuondolewa.

Nimepata Kiswahili C, Jiografia D, Historia E. Ni daraja la pili. Rafiki yangu ananiambia chuo kitanikataa. Inawezekanaje? (Msomaji, Lindi)

Inawezekana, kwa sababu kuna hesabu mbili na watu huzichanganya.

Kwenye daraja, namba ndogo ndiyo nzuri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Wewe una 3, 4 na 5, jumla 12, na daraja la pili ni kuanzia 10 hadi 12. Sawa kabisa.

Kwenye udahili hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kigezo cha chini cha shahada ni ufaulu wa masomo mawili, A hadi E, yenye jumla ya pointi 4, na masomo hayo yawe yale yanayotajwa na programu unayoomba. Kiswahili na Jiografia vinakupa 3 na 2, yaani 5. Umepita. Kiswahili na Historia ni 3 na 1, yaani 4, umepita kwa kugusa mstari. Lakini programu ikitaja Historia na Jiografia peke yake, una 1 na 2, jumla 3. Hapo daraja lako la pili halisomwi kabisa.

Pakua mwongozo wa TCU wa wahitimu wa kidato cha sita. Kila programu ina mstari wake: masomo yanayotakiwa, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Soma masomo kwanza, jina la programu baadaye. Angalia neno "na" na neno "au" kama mwanasheria anavyoangalia mkataba. Halafu tazama nafasi: programu ya watu 40 na ya watu 400 hazigombewi sawasawa. Ukiwa na pointi 5, weka moja unayoitamani hata kama ina ushindani, mbili zinazolingana na ulichonacho, na moja ambayo pointi zako zimezidi kigezo na nafasi zake ni nyingi. Ualimu wa Kiswahili na Jiografia ungekuwa mahali pa kuanzia kutafuta.

Maombi unatuma moja kwa moja kwa kila chuo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Hapa ndipo steshenari inapoumiza watu. Kijana anakujazia fomu kwa haraka, anaweka barua pepe yake na namba yake ya simu, na namba ya siri inaenda kwake. Wiki mbili baadaye amebadilisha laini. Lipia kompyuta na printa, lakini simu na barua pepe ziwe zako, na neno la siri uliandike mwenyewe.

Mtihani ni Mei, halafu tunaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Mkopo tutaombaje tukiwa kambini? (Kidato cha sita, Iringa, barua kama hii zimekuja nne)

Nyaraka zote zikamilike kabla ya mtihani, likizo ya mwisho mkiwa nyumbani. Dirisha la Bodi ya Mikopo miaka mingi hufunguliwa katikati ya mwaka, na kambini simu si ya kuitegemea.

Cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa, kihakikiwe kwa mtandao na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kwa waliozaliwa Zanzibar ni ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kaya iliyo TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, iwe na namba yake mkononi. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, apate fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Mdhamini awe tayari na kitambulisho na picha ndogo. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000.

Linalochelewesha kuliko yote ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Mohamed. Au jina la babu lipo kwenye kimoja na kingine halipo. Weka vyeti vyote mezani, linganisha herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, fuatilia sasa RITA au kwa wakili upate hati ya kiapo. Jambo hili huchukua wiki, na dirisha haliwezi kukusubiri.

La pili ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Tumia ileile kwenye maombi ya chuo na ya mkopo. Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili, na akiweka moja huku na nyingine kule, mfumo unamwona kama watu wawili: mmoja ana chuo, mwingine ana mkopo.

Fomu ikishachapwa inahitaji sahihi yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya kamishna wa viapo. Kabla ya kuiskani, ipitie ukurasa kwa ukurasa ukitafuta muhuri. Ukurasa uliokosa muhuri au picha iliyoskaniwa ikatoka nyeusi inakurudisha kwenye orodha ya wenye dosari. Bodi hufungua muda wa kurekebisha, ila lazima mtu aingie kwenye akaunti yako aone. Mwachie mzazi au kaka unayemwamini neno la siri kwenye karatasi, na mkubaliane aangalie kila Jumatatu.

Nikikosa pointi, ndiyo basi? (Msomaji, Musoma)

Hapana. Stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, inakupeleka kwenye shahada ya fani hiyo. Inaongeza miaka, lakini fundi sanifu anayeingia uhandisi baada ya stashahada huwa ameshashika mashine ambazo wenzake wanaziona kwenye picha. Unaweza pia kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukichagua hivyo, usirudie kwa daftari lilelile bila kujua ulikosea wapi.

Binti yangu ataingia chuo mwaka huu kwa mkopo. Nimpe nini, nimwambie nini? (Mama, Tanga)

Mama, mpe kwanza hela ya wiki nne. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, haliji siku ya kuripoti. Lazima asajiliwe, asaini, na malipo yafike, na mwezi unaweza kuisha.

Kiwango cha chakula na malazi kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Huja kwa mafungu ya takriban miezi miwili, kwa hiyo akaunti inasoma 600,000 hivi kwa mpigo, na hapo ndipo simu mpya hununuliwa. Kama hakupata hosteli, mwenye nyumba wa mtaani atataka kodi ya miezi mitatu au sita mkupuo. Chumba cha 60,000 kwa miezi sita ni 360,000. Linabaki 240,000 kwa siku 60, yaani 4,000 kwa siku kwa chakula, nauli na vocha. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa wawili, kabla hajaondoka, kwa bei halisi ya mji anaokwenda. Ada nayo Bodi huilipa chuoni moja kwa moja, na huenda isiwe yote. Aangalie asilimia aliyopewa siku ya kwanza, asisubiri kuzuiwa kufanya mtihani.

Miezi hii ya kusubiri ajifunze kuchapa kwa vidole vyote na kutumia jedwali la kompyuta. Akifika, aulize kila mhadhiri mgawanyo wa alama. Vyuo vingi huweka 40 kwa kazi za darasani na 60 kwa mtihani wa mwisho, na wengi wanaopata sapu (mtihani wa marudio) muhula wa kwanza walizichezea zile 40 wakidhani mtihani utawafidia. Aliyeingia kwenye mtihani na 14 kati ya 40 anahitaji 26 kati ya 60 ili kufika jumla ya 40 kati ya 100 tu. Mwenzake mwenye 28 anahitaji 12.